Kasese: Gunia zito, mgongo wa mfanyakazi na sheria isiyofika mwaloni

Kuanzia mwalo wa Kahendero hadi ziwa la chumvi la Katwe na mpaka wa Mpondwe, maumivu ya mgongo yamezoeleka kuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Elimu ya ergonomia inaonyesha kwamba madhara mengi ya aina hiyo yanazuilika. Hata hivyo, uamuzi wa kwanza, yaani mzigo uwe na uzito gani, haumo mikononi mwa anayeubeba.

Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, ni miongoni mwa maeneo ya nchi hiyo ambako viwanda na kazi za mikono huishi bega kwa bega. Hima hutoka saruji. Muhokya huchomwa chokaa. Mjini Kasese pamba huchambuliwa na kufungwa marobota. Kutoka miteremko ya milima ya Rwenzori hushuka kahawa, na katika ziwa la Katwe huvunwa chumvi. Kahendero, kwenye ufuo wa Ziwa George, huishi kwa uvuvi. Upande wa magharibi, katika eneo la Bwera na mpaka wa Mpondwe, bidhaa huingia na kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kila siku.

Kazi hizo zinatofautiana kwa jina na kwa malipo, lakini zinafanana katika jambo moja. Zote hudai kuinama, kunyanyua, kuvuta na kubeba, tena kwa kurudia, kwa saa nyingi na kwa miaka mingi. Matokeo yake huonekana katika kiuno, mabega, shingo na magoti ya wanaozifanya.

Madhara yasiyoandikwa daftarini

Mfanyakazi anapokatwa kidole na mashine, ajali hiyo ina saa, mahali na mashahidi. Mgongo unaochakaa kidogo kidogo kwa muda wa miaka kumi hauna tarehe ya kuumia. Hakuna siku moja inayoweza kuandikwa kwenye daftari la ajali, na mara nyingi mwenye maumivu huambiwa kwamba ni umri, ni baridi ya ziwani, au kwamba kazi imemshinda.

Takwimu za dunia zinatoa picha nyingine. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba idadi hiyo inaweza kufikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Kwa mujibu wa shirika hilo, hakuna tatizo jingine la afya linalowasababishia watu ulemavu kwa wingi kama hilo. Shirika la Kazi Duniani, ILO, katika makadirio yaliyotolewa mwaka 2023, lilisema wafanyakazi milioni 395 hupata majeraha yasiyo ya kifo kazini kila mwaka, na watu karibu milioni 2.93 hufariki dunia kutokana na sababu zinazohusiana na kazi.

Juni 2022, mkutano mkuu wa ILO uliamua kwamba mazingira salama na yenye afya kazini ni miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, sawa na kutolazimishwa kufanya kazi na kutobaguliwa. Uamuzi huo unamhusu mpakiaji wa saruji kama unavyomhusu karani wa benki. Swali ni kwa njia gani unaweza kumfikia yule anayelipwa kwa gunia, bila mkataba na bila jina lake kuandikwa popote.

Kuifanya kazi ilingane na mwili

Ergonomia ni elimu ya kupanga kazi, vifaa na mahali pa kazi ili vilingane na mwili na uwezo wa binadamu. Neno hilo lina asili ya Kigiriki, na lilitumiwa mwaka 1857 na mwanasayansi wa Poland, Wojciech Jastrzębowski, aliyeunganisha maneno yenye maana ya kazi na kanuni. Katika miji mikubwa jina hilo huhusishwa zaidi na viti vya ofisini na urefu wa meza ya kompyuta. Chimbuko la fikra yenyewe, hata hivyo, ni pana: kazi irekebishwe imfuate mtu, badala ya mtu kujikunja aifuate kazi.

Hesabu ya mgongo inaeleza kwa nini jambo hili si anasa. Uti wa mgongo hufanya kazi kama mtaimbo. Misuli inayoushikilia ipo karibu sana na pingili, kwa wastani wa sentimita 5 tu. Mtu anayeshika mzigo sentimita 50 mbele ya kiuno huilazimisha misuli hiyo kuvuta kwa nguvu inayokaribia mara kumi ya uzito wa mzigo wenyewe. Mzigo wa kilo 20 ulioshikwa mbali na mwili huwa kwa mgongo kama kilo 200. Ukiongeza kupinda kiwiliwili upande mmoja, kama afanyavyo mtu anayetoa gunia chini na kuligeuzia kwenye lori, diski zilizo kati ya pingili hubanwa na kusokotwa kwa wakati mmoja.

Kwa sababu hiyo Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani, NIOSH, imeweka kilo 23 kuwa uzito wa juu unaofaa kunyanyuliwa kwa mikono miwili pale ambapo kila kitu kiko sawa: mzigo uko karibu na mwili, uko kimo cha kiuno, una mahali pazuri pa kushika, na haunyanyuliwi mara kwa mara. Kila sharti moja linapokosekana, kiwango hicho hushuka. Gunia lililolala chini, lisilo na mshiko, likinyanyuliwa kwa haraka mara mia kwa siku, liko mbali sana na hali hiyo.

Kutoka mwaloni hadi ziwa la chumvi

Kahendero ni mfano mzuri wa kazi ambayo haionekani kuwa ya kiwanda lakini ina mizigo yote ya kiwanda. Ziwa George lina kina kifupi, kwa wastani mita mbili na nusu hivi, na limo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa tangu mwaka 1988. Mvuvi hukaa chini ndani ya mtumbwi, hupiga kasia kwa mabega, kisha huinama juu ya ubavu wa chombo na kuvuta nyavu zilizojaa maji huku kiwiliwili kimepinda. Mtumbwi unaporudi, huburutwa hadi nchi kavu. Baada ya hapo huanza kazi ya kupara samaki, kuwapasua na kuwakausha kwa moshi, kazi ambayo sehemu yake kubwa hufanywa na wanawake, mara nyingi wakiwa wamechuchumaa au wameinama juu ya kilichowekwa chini.

Kila hatua hapo ina dawa isiyohitaji kiwanda. Gogo la duara linalozunguka ubavuni mwa mtumbwi hupunguza msuguano wa nyavu na humwezesha mvuvi kuvuta akiwa amenyooka zaidi. Magogo yakitandikwa ufukweni, mtumbwi huviringika badala ya kuburutwa. Meza ya kuparia samaki, ikiwa na kimo cha kiuno cha anayeitumia, huondoa saa nzima za kuinama. Tanuri la kukaushia samaki likiinuliwa kwa matofali, mkaushaji hahitaji kujikunja juu ya moshi.

Katwe, kusini-magharibi mwa Kahendero, hali ni ngumu zaidi. Wachimbaji huingia katika maji makali ya chumvi, huvunja matabaka ya chumvi ya mwamba chini ya ziwa kwa vyuma vizito, huyapakia juu ya vyelezo vya magogo na kuvivuta hadi ufukweni. Kandokando ya ziwa wengine husimama kwenye vidimbwi vya kuvunia chumvi, wameinama, wakikwangua na kukusanya kwa mikono. Habari nyingi zilizoandikwa kuhusu Katwe huzungumzia ngozi inavyochubuliwa na maji hayo. Mgongo hutajwa kwa nadra, ingawa vipande vya chumvi hutoka majini vikiwa vimebebwa na mwili wa mtu.

Katwe pia ina somo kwa wanaodhani suluhisho ni kuleta mashine tu. Kiwanda kikubwa cha chumvi kilichojengwa hapo kwa teknolojia ya Ujerumani kilifanya kazi kwa muda mfupi tu, kwani maji hayo ya chumvi yalitafuna mabomba yake. Majengo yake yamebaki kuwa ukumbusho kwamba kifaa kisicholingana na mahali hakimsaidii mfanyakazi. Toroli la chuma litaoza Katwe. La mbao lenye gurudumu la mpira lina nafasi kubwa zaidi ya kudumu. Wanaojua hayo ni wachimbaji wenyewe, na ergonomia yoyote isiyoanza kwa kuwauliza ina hatari ya kurudia kosa lile lile.

Kilo zinazoamuliwa mbali

Kiini cha tatizo hujitokeza zaidi pale penye magunia. Mfuko wa saruji katika soko la Afrika Mashariki ni wa kilo 50. Huko Uingereza na Ujerumani, mfuko wa kawaida siku hizi ni wa kilo 25. Ujenzi haukusimama katika nchi hizo, wala nyumba hazikuanguka. Kilichobadilika ni kipimo cha mfuko.

Kahawa ni mfano wenye kufikirisha zaidi. Biashara ya kahawa duniani huhesabiwa kwa magunia ya kilo 60. Pendekezo namba 128 la ILO la mwaka 1967, lililoambatana na Mkataba namba 127 kuhusu uzito wa juu wa mizigo, linataka mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mtu mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi kwa kiasi kikubwa. Kwa maneno mengine, kipimo kilichozoeleka katika biashara halali ya kimataifa kinazidi kile ambacho dunia hiyo hiyo ilipendekeza zaidi ya nusu karne iliyopita. Magunia ya nafaka ya kilo 100, yanayoonekana katika masoko mengi ya eneo hili, yamekikaribia kiwango hicho mara mbili.

Mchukuzi wa Mpondwe hakuchagua kilo hizo. Zilichaguliwa na mnunuzi anayetaka kupunguza gharama kwa kila gunia, na msafirishaji anayelipia idadi ya magunia badala ya uzito wake. Malipo ya kipande hukamilisha mzunguko huo: anayebeba mara nyingi zaidi hulala na fedha zaidi, na anayepumzika hujipunja mwenyewe. Katika hali hiyo, kumshauri mchukuzi apige magoti na kunyoosha mgongo kabla ya kunyanyua ni ushauri sahihi uliopelekwa kwa mtu asiye na mamlaka ya kuufuata.

Utafiti unaelekea upande huo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2011 hayakupata ushahidi kwamba mafunzo na ushauri wa namna ya kunyanyua mizigo, hata vinapoambatana na vifaa vya kusaidia, huzuia maumivu ya mgongo kwa wafanyakazi. Kuhusu mikanda ya kufunga kiunoni, ambayo wachukuzi wengi huiamini, NIOSH ilihitimisha mwaka 1994 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa humkinga mtu ambaye bado hajaumia. Mkanda waweza kumpa mtu ujasiri wa kubeba zaidi ya uwezo wake, na hapo hugeuka kuwa mtego.

Hilo halina maana kwamba mafunzo hayana kazi. Maana yake ni kwamba yakitolewa peke yake, huku gunia likibaki na uzito ule ule na mwendo ukibaki ule ule, yasitarajiwe kuleta mabadiliko makubwa. Wataalamu wa usalama kazini hupanga hatua kwa daraja: kwanza ondoa au punguza hatari yenyewe, pili badilisha kifaa na mahali, tatu panga upya muda na zamu, na mwisho kabisa mfundishe na umvalishe mtu. Katika sehemu nyingi za kazi ngazi hiyo hupandwa kuanzia mwisho, kwa kuwa hatua ya mwisho ndiyo yenye gharama ndogo kwa mwajiri.

Sheria na mipaka yake

Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayompa mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake, na inasimamiwa na idara maalumu katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, inayomtaka mwajiri amlipe aliyeumia kutokana na kazi. Katika ngazi ya wilaya, afisa kazi ndiye mlango wa kwanza wa malalamiko.

Sheria hizo zote zimesimama juu ya neno moja: mwajiri. Kiwandani mwajiri anajulikana. Mwaloni, mwenye mtumbwi, mwenye nyavu na mnunuzi wa samaki wanaweza kuwa watu watatu tofauti. Mpakani, mchukuzi humtumikia mfanyabiashara mmoja asubuhi na mwingine jioni. Anapoumia, ni vigumu kusema aliumia kwa kazi ya nani, na bila kumbukumbu iliyoandikwa ni vigumu zaidi kuthibitisha kwamba maumivu ya leo yametokana na magunia ya miaka mitano iliyopita.

Nchi jirani zinaonyesha njia ambayo haimsubiri mwajiri apatikane, nayo ni kudhibiti gunia lenyewe. Kenya, kupitia kanuni za zao la viazi za mwaka 2019, iliweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia. Tanzania imepiga marufuku lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kilemba juu ya ujazo wake, na Wakala wa Vipimo hufanya ukaguzi. Hatua zote mbili zilisukumwa zaidi na kilio cha mkulima aliyekuwa akipunjwa na dalali kuliko afya ya mpakiaji. Lakini mgongo hauulizi nia ya sheria; kilo zikipungua, nao hupumua.

Uzoefu huo una onyo pia. Mahali ambapo ukaguzi hulegea, gunia kubwa hurudi. Vilevile, gunia likigawanywa mara mbili huku malipo ya kubeba yakibaki kwa gunia na kiwango kikipunguzwa kupita kiasi, mchukuzi atakimbia mara mbili kwa fedha ile ile. Kupunguza uzito kunahitaji kuambatana na malipo yanayohesabu kilo na safari, la sivyo nafuu ya mgongo italipiwa na tumbo.

Yanayoweza kuanza bila kusubiri

Yapo mambo ambayo vyama vya ushirika, kamati za mialo na mamlaka za masoko zinaweza kuyaamua zenyewe. La kwanza ni jukwaa la kupakilia lenye kimo cha sakafu ya lori, ili gunia lisukumwe badala ya kunyanyuliwa. La pili ni kuacha kulaza magunia chini: yakipangwa juu ya meza ya mbao kwenye kimo cha magoti hadi kiuno, sehemu mbaya kuliko zote ya kunyanyua huondoka. La tatu ni kanuni kwamba gunia linalozidi kilo 50 hubebwa na watu wawili au kwa chombo chenye magurudumu.

Kuhusu magurudumu, eneo hili halina haja ya kuazima mbali. Ng'ambo ya mpaka, katika Kivu Kaskazini, chukudu ya mbao imebeba mizigo kwa miongo kadhaa, na mji wa Goma umeijengea sanamu. Ni chombo kilichobuniwa na watu wasiosoma kitabu chochote cha ergonomia, nacho kinatimiza kanuni yake kuu: uzito umehamishwa kutoka mgongoni kwenda ardhini.

Viwandani, panapofanyika kazi ya kurudia kama kuchagua punje za kahawa, kubadilishana nafasi kila baada ya saa chache na kupata kiti chenye egemeo huokoa shingo na mabega. Maelekezo ya usalama nayo yanapaswa kutolewa kwa lugha ambayo wafanyakazi wanazungumza kazini, iwe Kiswahili, Lukonzo au nyingine, kwa sababu bango lisilosomeka halimkingi mtu.

Mfanyakazi mwenyewe ana la kufanya, hata kama si uamuzi wa kwanza. Maumivu ya kawaida ya kiuno hupona vizuri zaidi mtu akiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi kuliko akilala kitandani kwa siku nyingi. Lakini ganzi katika miguu au sehemu za siri, udhaifu wa mguu, au kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa ni dalili za kubanwa kwa neva, na mgonjwa anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo. Kuandika tarehe maumivu yalipoanza na kazi iliyokuwa ikifanywa, na kumwarifu msimamizi mbele ya shahidi, kunaweza kuwa ushahidi pekee atakaokuwa nao siku ya kudai fidia.

Hatua kubwa zaidi imo katika ngazi ya kanda. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na leo pande zote mbili za mpaka wa Mpondwe zimo katika jumuiya moja. Gunia linalojazwa Kasese hupakuliwa Kasindi au Butembo, kwa hiyo wilaya moja ikipunguza kilo peke yake, wafanyabiashara watahamia njia nyingine. Kiwango kimoja cha uzito wa magunia kwa nchi wanachama kingeondoa kisingizio hicho. Jumuiya hiyo tayari ina viwango vya pamoja vya ubora wa bidhaa zilizomo ndani ya gunia. Mabega yanayolibeba gunia hilo kuvuka daraja bado yanasubiri kiwango chake.